Ukurasa wa nne

Jamani, nilidhani kuchora visanduku ni kazi ya nusu saa.

Rafiki yangu anayefundisha wananchi masuala ya utawala aliniomba nimchoree chati ya uongozi wa Wilaya ya Bagamoyo, kuanzia juu mpaka kitongoji. Nikasema hiyo yangu, si kila siku nazunguka nikiuliza "mhusika ni nani"? Nikafungua Visio. Mkuu wa Wilaya mmoja, halmashauri mbili (Chalinze ilipata yake mwaka 2015), wakurugenzi wawili, wakuu wa idara, watendaji wa kata, watendaji wa vijiji... Nikaprinti. Kwenye karatasi ya A4 maandishi yakawa kama sisimizi!

Dawa ipo. Unachagua kisanduku, unaiambia programu iwapeleke walio chini yake ukurasa mpya. Kisanduku chenyewe kinabaki kurasa zote mbili, ukikibofya huku kinakupeleka kule. Ukibadilisha jina upande mmoja, linabadilika na upande wa pili. (Ukiongeza au kufuta kisanduku, shauri yako, nakala ya pili haina habari.) Nikapata kurasa nne: wilaya, halmashauri, kata, kijiji. Zinasomeka vizuri kabisa. Nikajipongeza na soda.

Tukazibandika kwenye kijiji kimoja kaskazini ya mji. Mzee mmoja akasimama mbele ya ukurasa wa nne kwa muda mrefu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kumbe mkubwa wa kijiji ni mtendaji?"

Nikatazama. Kweli, mtendaji alikuwa juu peke yake, wengine wote chini yake. Kwenye chati kubwa nilikuwa nimechora mstari wa vitone kutoka mkutano mkuu wa kijiji. Lakini programu ikikata inafuata mstari mmoja tu, ule wa bosi na mtumishi. Mkutano mkuu ukabaki ukurasa wa kwanza, unaning'inia. Na ukikata chati, anayeangukia juu ya ukurasa anaonekana ndiye mwenye nyumba.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 haisemi hivyo. Mkutano mkuu, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, ndio wenye kauli ya mwisho kuhusu sera za kijiji. Mtendaji ni mwajiriwa, ni katibu wa vikao. Na si suala la heshima tu. Huku pwani watu wa Dar wanakuja kutafuta viwanja kila wikiendi, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Anayeamini ukurasa wangu angemfuata mtu mmoja mwenye mhuri, basi.

Nikauchora upya kwa mkono, kalamu na rula. Mkutano mkuu juu, halmashauri ya kijiji na mwenyekiti wake chini, mtendaji pembeni. Haujaungana na ukurasa wowote, ukibofya hauendi popote.

Mzee akauchukua, akaukunja mara nne, akautia mfuko wa kanzu. Halafu akauliza, kitongoji nacho kina ukurasa wake?