Chenji ya Hamsini

Kayanga, 9 Juni 2025

Kahawa imeanza kuvunwa na noti kubwa zimeanza kuonekana. Mtu anaingia dukani kwangu na elfu kumi anataka kiberiti na chumvi, nami naanza kuhangaika na chenji. Sarafu za hamsini ndizo zinazonitesa. Maduka mengi hapa yanarudisha pipi. Mimi sirudishi pipi. Mtoto akitumwa dukani akarudi na pipi, mama yake kapungukiwa na hana wa kumdai. Tena zikikosekana hamsini, cha mia na hamsini kinageuka cha mia mbili bila mtu kutangaza, na anayeumia ni yule anayenunua mafuta ya kula ya kupimiwa, si anayebeba dumu.

14 Juni

Mzee wa Bugene amekuja kuchukua sukari yake robo. Macho yamemwishia, anaona ukungu. Alimwaga sarafu kwenye kaunta akawa anazipitia kwa kidole gumba, taratibu. Hamsini ina pembe saba, hiyo haimpotei. Mia na mia mbili zote ni duara, lakini mia mbili imeizidi mwenzake kwa upana. Ile ya mia tano, yenye nyati, iliyotoka 2014 kuchukua nafasi ya noti, anaijua kwa uzito. Alipomaliza akanisukumia: "Hesabu, mwanangu." Zilitimia.

Noti lazima asomewe. Simu anampa mjukuu, na namba ya siri mjukuu anaijua. Kwa hiyo fedha anayoitawala mwenyewe ni ya sarafu tu. Wanaosema sarafu zimepitwa na wakati wangesimama pale kaunta wamwangalie.

Nkwenda, 27 Juni

Nimekuja Kyerwa kwa dada. Kahawa alipeleka chama cha msingi kwa jina lake, na malipo yameingia kwenye laini yake. Ujumbe aliufungua mbele yangu, akausoma, akanipa niusome, akausoma tena. Miaka ya nyuma fedha ya shamba lile ilipita mikono mingine kwanza, yeye akifika analetewa salio la maneno. Hapo simu naiheshimu kwa moyo wote. Na hakuna wa kumvizia njiani akiwa na bahasha.

Kutoa ndiyo kazi. Wakala wa kwanza hana fedha taslimu, wa pili mtandao umegoma. Tumepata jioni, na makato juu. Nikakumbuka Julai 2021, tozo ya miamala ilipoanza. Watu walirudi kubeba fedha mfukoni, na Septemba serikali ikaipunguza kwa asilimia 30.

Murongo, 29 Juni

Ng'ambo ya mto Kagera ni Kikagati, Uganda. Tangu kanuni za Machi mwaka huu za matumizi ya fedha za kigeni, bei ya bidhaa nchini ni kwa shilingi yetu tu. Wabadilishaji wanachukua noti. Sarafu hawagusi, za huku wala za kule. Mama muuza parachichi aliyebaki na sarafu za Uganda lazima azisubirie mteja anayerudi kwao.

Kayanga, 19 Julai

Binti wa jirani, yuko likizo kutoka Mwanza, leo alitoa kadi ya benki alipie mkate. Mashine sina. Kadi huku ni ya kutolea fedha, ikitoka kwenye ATM kazi yake imekwisha. Akalipa kwa Lipa Namba niliyobandika ukutani, tukamalizana. Kwa mkate na mchele naipenda, haina chenji wala noti bandia. Kwa kiberiti hapana.

Jioni nimefungua kopo la marehemu bibi. Senti kumi za Mwingereza zenye tundu, bado zimetungwa kwenye uzi. Senti ishirini yenye mbuni, hamsini yenye sungura, za 1966 tulipoanza shilingi yetu. Zote zilinunua kitu kizima. Bibi alikuwa anasema bei ya chumvi kwa senti na hakuna aliyempandishia kwa kukosa chenji.

20 Julai

Nimeongea na mweka hazina wa kigango. Sadaka ya watoto ni sarafu tupu, na kila Jumapili wanahangaika nazo kupeleka benki. Tumekubaliana: baada ya misa wanahesabu, mimi naleta noti, tunabadilishana palepale mbele ya mzee wa kanisa. Leo nimepata hamsini za kujaza mkebe. Nimeandika kwenye karatasi nikabandika chini ya Lipa Namba: Chenji ipo.