Hofu ya Sindano

Sindano ni chombo chembamba, lakini hofu yake ni nene. Watu waliokwisha kuvuka bahari katika dhoruba huonekana wakigeuza nyuso ukutani muuguzi anaposhika mkono wao. Hofu hiyo haistahili kuchekwa. Yastahili kuambiwa kweli.

Mama ampelekaye mtoto wake kliniki kuchanjwa surua na ajue kuwa huenda akangoja. Dawa hiyo huwa unga mkavu katika kichupa. Ikisha kuchanganywa na maji yake haifai kutumiwa baada ya muda wa saa 6. Kwa hiyo pengine muuguzi hungoja watoto wakusanyike, ili dawa isimwagwe bure. Kisha mama ataombwa kadi, na kuulizwa kama mtoto ni mgonjwa au alipata kudhurika kwa chanjo iliyotangulia. Mtoto atapakatwa imara; sindano itaingia na kutoka kabla kilio hakijatimia, nayo itatupwa katika sanduku lake isitumiwe tena. Baada ya hapo watakaa kitambo, ili kama pumzi itabana au uso utavimba, msaada uwe karibu. Mambo hayo ni nadra. Lililo la kawaida ni maumivu kidogo mahali palipochomwa, na pengine homa na vipele vichache baada ya wiki moja au mbili, ambavyo hupita.

Mwaka 1977, katika mji wa Merca nchini Somalia, alikuwako mpishi wa hospitali aliyeitwa Ali Maow Maalin. Chanjo ya ndui ilikuwa karibu naye kuliko watu wengi, lakini aliikwepa kwa sababu aliona kuwa inauma. Mwezi wa Oktoba alipanda gari lililochukua wagonjwa wa ndui ili awaonyeshe njia. Safari ilikuwa fupi mno, lakini ilitosha. Aliugua, akapona, akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui nje ya maabara. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ugonjwa huo umekwisha.

Maalin hakuificha hofu yake. Miaka mingi baadaye alizunguka Somalia akiwahimiza wazazi wawachanje watoto polio, na hoja yake ilikuwa kisa chake mwenyewe. Alifariki mwaka 2013, katika kazi hiyo hiyo.

Mzazi amwambiaye mtoto kwamba sindano haiumi hupata utulivu wa dakika moja, na hupoteza imani ya siku nyingi. Heri aseme kuwa itauma, kuwa maumivu hayatadumu, na kuwa mkono wa mzazi hautamwacha. Mtoto atalia vilevile. Lakini siku ya kurudi, atakuja na mtu anayemwamini.