Mapishi ya mtoto yaliyofungiwa kwenye simu yangu

Kama kuna jirani alikuwa akichungulia dirishani kwetu Jumanne ile jioni, aliona mtu mzima akifungua simu kwa pua. Mkono wa kushoto ulikuwa na ini bichi la kuku, wa kulia kisu, na simu niliyoiegemeza kwenye kopo la chumvi ilikuwa imezima kioo kwa mara ya nne. Nilikuwa nimesoma hadi panaposema chemsha ini kwa dakika... Dakika ngapi? Giza. Nikainama, nikabonyeza namba za siri kwa ncha ya pua, moja baada ya nyingine. Ya tatu ikakosewa.

Binti anayenisaidia kazi za nyumbani alicheka hadi akakaa juu ya ndoo. Mwanangu wa miezi tisa alikuwa mgongoni kwake, naye akacheka bila kujua anachekea nini.

Ninaishi Njombe mjini na kazi yangu ni kuandika habari za afya. Hapo ndipo aibu inapoanzia. Kuna takwimu nimeiandika mara nyingi hadi naijua kama namba yangu ya simu: kwa mujibu wa Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022, asilimia 50.4 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Njombe wamedumaa. Majirani zetu Iringa ni asilimia 56.9. Wastani wa nchi ni asilimia 30. Na huku ndiko yanakotoka mahindi, viazi, maharage na maparachichi yanayopandishwa kwenye malori kwenda kwa watu wengine. Nimewahoji kina mama vijijini, nimewauliza mtoto anakula nini, mara ngapi, nani anamlisha ukiwa shambani. Nilikuwa nauliza vizuri sana.

Kisha nikaenda kliniki na mwanangu. Muuguzi akampima, akaweka nukta kwenye kadi, akaiunganisha na ya mwezi uliopita. Mstari ukalala. Kilo 7.2 mwezi uliopita, kilo 7.2 mwezi huu.

"Mama, anakula nini huyu?"

"Uji."

"Uji wa nini?"

"Wa mahindi. Na ulezi."

"Na nini?"

Nikanyamaza. Hilo "na nini" nimewahi kuwauliza wengine, tena kwa sauti hiyohiyo. Akaniuliza anakula mara ngapi kwa siku, nikajibu tatu, lakini ukweli ni kwamba mchana huwa sipo, hivyo sikuwa na uhakika. Muuguzi hakunisema vibaya. Alinikumbusha tu kwamba mtoto wa umri huu anyonye, na juu ya hapo apate milo mitatu hadi minne na asusa kidogo, na kwamba ndani ya uji na milo hiyo zionekane nafaka, kunde, vyakula vya asili ya wanyama, mboga, matunda. Uzito kusimama mwezi mmoja si udumavu, maana udumavu hupimwa kwa urefu kulingana na umri, na hilo nalijua. Lakini ukiwa na kadi ya mtoto wako mkononi, elimu haikai karibu.

Ndivyo nilivyoanza kupika kwa simu. Usiku huo nilihifadhi mapishi kumi na moja ya watoto: uji wa karanga na maziwa, ini na viazi, maharage ya kupondwa, parachichi na ndizi. Kuanzia kesho yake, kila nikirudi kazini naegemeza simu kwenye kopo la chumvi na kuanza kusoma.

Sasa, yeyote aliyewahi kupika hivyo anajua adha yake. Unasoma mstari mmoja, unamenya kiazi, ukirudi kioo ni cheusi. Mikono ina unga. Alama ya kidole haisomeki kwa sababu kidole kimelowa. Unapangusa kwenye khanga, unajaribu tena, simu inakwambia usubiri. Baba wa mtoto alinishauri nitumie video, maana video ikiwa inacheza kioo hakizimi. Kweli hakizimi. Bando ndilo linalozima. Nikajaribu kupiga picha ya ukurasa na kuifungua kama picha. Nayo ikazima vilevile.

Mnaweza kusema ni jambo dogo, na mimi nilisema hivyo hadi siku ya ini. Baada ya pua kushindwa nilifanya kile ambacho wengi wetu tunafanya: nilibonyeza kwa kidole kilekile kilichokuwa kimeshika ini bichi, nikasoma, nikaendelea. Nikanawa mikono kwa sabuni, vizuri kabisa, kabla ya kumlisha mtoto. Simu sikuinawisha. Alipomaliza kula akaanza kulia usingizi, binti akampa simu aichezee, naye, kama watoto wote wa miezi tisa, akaipeleka mdomoni.

Keshokutwa yake akaanza kuhara. Siku tatu. Tulimpa ORS na zinki, akanyonya sana, akapona. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa simu. Mtoto anayetambaa anaokota mengi. Ila nilikumbuka utafiti niliousoma nikiwa chuoni, uliotangazwa Oktoba 2011 na watafiti wa London School of Hygiene & Tropical Medicine na Queen Mary, waliopima simu na mikono ya watu katika miji 12 ya Uingereza. Simu moja kati ya sita ilikuwa na vimelea vya kinyesi. Wakati ule tulicheka darasani. Kuku mbichi na mayai navyo vinaweza kubeba salmonela, na kidole hakichagui kinachokibeba kutoka kwenye bao la kukatia hadi kwenye kioo. Tunafundishwa kutenganisha kisu cha nyama mbichi na chakula kilichoiva, na simu iko katikati ya vyote viwili, inaguswa mara ishirini kwa mlo mmoja kwa sababu tu inazima.

Basi nikatulia na kufanya nilichopaswa kufanya tangu siku ya kwanza. Kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya skrini, kuna mahali pa kuchagua muda wa kioo kujizima. Yangu ilikuwa sekunde 30. Hupangwa fupi ili kutunza chaji na kuzuia mtu mwingine asichungulie mambo yako, na kwa siku ya kawaida ni sawa. Nikaweka dakika 10. Simu nyingine zinafika dakika 30, na iPhone ina chaguo la kutozima kabisa, ingawa ukiiweka kwenye hali ya kuokoa chaji inarudi sekunde 30 bila kukuuliza. Baadhi ya kurasa za mapishi za nje zina kitufe cha kuamuru kioo kisizime wakati ukurasa uko wazi, ukikiona, kibonyeze. Nikaanza pia kuivalisha simu mfuko mwembamba unaoonesha. Kioo kinaitikia kidole hata juu ya nailoni laini, na ukimaliza unautupa mfuko. Simu yenyewe naifuta kwa kitambaa chenye spiriti kidogo ya asilimia 70. Na kabla ya mtoto kuishika narudisha muda uleule wa zamani, la sivyo atampigia bosi wangu. Alishampigia mara moja.

Nilijiona nimemaliza kazi. Kwa wiki mbili jikoni kwangu kulikuwa na mwanga, nikapika bila kubabaika. Nikawa naringa.

Halafu nikapangiwa kwenda Makambako kuandika habari za afya za madereva wa malori. Wanaopajua Makambako wanajua kwa nini: barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya inakutana hapo na ile inayoshuka Njombe hadi Songea, malori yanalala pale usiku kucha. Ni kilometa kama 60 kutoka kwetu. Asubuhi nilipika uji wa karanga kioo kikiwaka mwanzo hadi mwisho, mwanga umepandishwa, na usiku umeme ulikuwa umekatika hivyo simu haikuwa imejaa. Nikapanda kosta.

Saa saba mchana, nikiwa stendi ya Makambako, binti akapiga kwa kiswaswadu chake.

"Dada, shikamoo. Ini nimenunua. Nalichemsha kiasi gani? Na karoti inaingia lini?"

Nikafungua mdomo kujibu, nikagundua sijui. Nilikuwa nimelipika chakula kile mara tano. Kila mara nilisoma, nikafanya, nikasoma, nikafanya. Kichwani hakikuwa kimebaki kitu. Nikamwambia asubiri nifungue simu nimsomee. Chaji ilikuwa asilimia 3. Nikalifikia neno "ini", simu ikazima. Safari hii si kioo, ni yote.

Mama yangu anakaa Makambako, mtaa usio mbali na stesheni ya TAZARA. Nikaenda kwake kuchaji. Nikamkuta anachagua maharage uani, akaniitikia kamwene, akaniuliza mbona nina sura ya kufiwa. Nikamweleza. Mama hakucheka. Alichukua simu yake, akampigia binti, akamwelekeza kwa maneno ambayo nayakumbuka hadi leo: "Lichemshe mpaka ukilikata ndani pasiwe na rangi ya damu. Karoti iwe imetangulia, ngumu hutangulia. Uponde, uweke mafuta kijiko kimoja, chumvi usiweke." Dakika mbili. Hakutaja dakika hata moja ya jikoni.

Nikamlalamikia pia kuhusu maharage, kwamba mapishi yangu yanasema dakika 45 na yangu hayapondeki hata kwa saa moja na nusu.

"Aliyeandika anakaa wapi?"

"Dar, nafikiri."

"Basi si ya huku."

Mama hakusoma fizikia lakini yuko sahihi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, maji yanachemka kwenye joto dogo zaidi, takriban nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Pwani maji yanachemka kwenye nyuzi 100, kwetu ni kama 93 au 94. Sufuria inatokota kwa fujo ileile lakini haina moto uleule ndani, na maharage yanakaa sana. Mama huloweka usiku kucha, humwaga maji, na hupima kwa kubonyeza punje kwa vidole viwili. Simu yangu haikuwa imeniambia hata moja kati ya hayo.

Nilirudi Njombe jioni. Mtoto alikuwa amekula ini, amelala. Nikamshukuru binti, naye akasema jambo akiwa anaosha vyombo, bila kunigeukia, kama mtu anayesema mvua imekatika.

"Afadhali leo bibi kanielekeza. Siku nyingine nampa uji mtupu."

"Uji mtupu? Kwa nini, na karanga zipo, maziwa yapo?"

"Si mapishi yako kwenye simu yako, dada?"

Nikakaa juu ya ile ndoo.

Nilikuwa nimeng'ang'ana wiki nzima na kioo kisizime nikiwa mimi mbele yake, na sikujiuliza kinawaka kwa ajili ya nani nikiondoka nacho saa moja asubuhi. Mtoto anakula milo minne. Mimi nampikia mmoja, wa jioni, na siku chache uji wa asubuhi. Iliyobaki anapikiwa na mtu mwenye kiswaswadu, ambaye nilimpa karanga, maziwa, parachichi na ini, nikamnyima maelezo. Hakuuliza kwa sababu aliniona kila siku nikisoma kwenye kitu chenye namba ya siri, akadhani ndivyo ilivyotakiwa.

Usiku uleule tulikaa wote wawili mezani. Nikachana karatasi za nyuma ya kalenda ya mwaka jana, zile ngumu, tukaandika kwa kalamu ya wino mzito. Mimi nikisoma kwenye simu, kioo kikiwaka dakika zake 10, yeye akiandika kwa mwandiko wake, maana ndiye atakayeusoma. Dakika tulizifuta nyingi, tukaweka alama za mama: hadi iponde kwa vidole, hadi ndani pasiwe na damu. Ini mara moja kwa wiki, kijiko au viwili vya chakula. Asali hapana hadi apite mwaka. Karanga zenye ukungu au zilizosinyaa zitupwe, kwa sababu ya sumukuvu. Tukazibandika ukutani, mbali kidogo na jiko.

Simu bado naitumia kwa mapishi mapya, ikiwa ndani ya mfuko wake. Kinachopendwa na mtoto kinahamia ukutani.

Kliniki iliyofuata mizani ilisoma kilo 7.6. Muuguzi akachora nukta, mstari ukapanda, akaniuliza tena anakula nini. Nikamwambia amuulize binti, niliyekuwa nimekwenda naye. Akaanza kutaja, kimoja kimoja, kwa mpangilio wa ukutani. Alipofika kwenye uji nikaingilia kusema maziwa ndiyo yanayotangulia.

"Hapana, dada," akasema. "Zinatangulia karanga. Soma pale."

Nyumbani nilikwenda kusoma. Karanga ndizo zilizotangulia, na chini yake, kwa kalamu nyingine, alikuwa ameongeza mstari ambao sikuuandika mimi wala simu: "Anapenda ukimwimbia."