Mgeni Kabla ya Kubisha Hodi

Kazi yangu ni kutunza seva za tovuti za watu: maduka, shule, gazeti moja dogo. Mgeni akifungua ukurasa, hata kabla hajabofya chochote, kumbukumbu za seva zimeshaandika anwani yake ya IP, saa aliyoingia, kivinjari chake na mfumo wa kompyuta au simu yake. Lugha anayoipendelea nayo huletwa na kivinjari, sema seva nyingi haziiandiki.

Watu hunicheka nikiwaambia hali fiche haiwafichi kwangu. Inafuta historia kwenye kompyuta yako, basi. Huku kwenye seva naona mstari uleule.

JavaScript ikianza kuhoji ndipo mambo yanakolea. Inauliza upana wa skrini, saa za eneo, fonti zilizopo. Kuna mbinu moja ambayo, pamoja na ubaya wake, naistaajabia: kivinjari kinaamriwa kuchora maneno kwenye picha ambayo huioni, kisha picha inasomwa nukta kwa nukta. Kwa kuwa kadi za michoro na fonti hutofautiana, kingo za herufi zilezile hupishana kidogo sana. Jicho halioni, hesabu inaona. Hapo hata ukifuta vidakuzi vyote, unaweza kutambulika.

Mwenye duka mmoja alilisikia hilo. "Kaka, niwekee na mimi," akaniambia. Nikamjibu nitaweka akikubali kuwaambia wateja wake. Akatafuta fundi mwingine.

Mwaka 2010 Peter Eckersley wa Electronic Frontier Foundation alikusanya alama (mchanganyiko wa taarifa kama hizi) za vivinjari 470,161, asilimia 83.6 hazikuwa na pacha. Kinachokuumbua ni upekee. Simu ya bei nafuu iliyouzwa kwa maelfu Kariakoo, ikiachwa kama ilivyotoka dukani, inajificha vizuri kuliko kompyuta ya fundi kama mimi, iliyojaa fonti na viendelezi vya "kulinda faragha". Na Mswahili aliyeko Stockholm akiweka kivinjari chake kwa Kiswahili, hapo mtaani huenda yuko peke yake.

Ndiyo maana Tor Browser hufanya kinyume: inawafanya watumiaji wake wote wafanane. Saa zao zote husoma UTC, na ukilitanua dirisha inaacha ukingo mtupu pembeni ili ukubwa halisi wa skrini usijulikane. Wanaokuja nayo siwatofautishi, isipokuwa wale waliojiongezea viendelezi vyao wenyewe.