Sambusa na Heshima ya Aipikaye

Ni nyumba chache za Waislamu zisizoijua sambusa. Futari ya Ramadhani huipamba, na karamu ya harusi huingojea. Sisi tulio Runzewe, katika Wilaya ya Bukombe, twaila hata siku zisizo za karamu, kwani kila jioni huuzwa kando ya barabara itokayo Kahama, ingali moto, imekamuliwa ndimu, na nyama yake yanukia bizari na kitunguu.

Kazi yake si ndogo. Unga wa ngano hukandwa, ukafanywa madonge na kusukumwa. Kisha manda hupakwa mafuta, zikabandikwa pamoja na kusukumwa tena hata ziwe nyembamba. Huonjeshwa moto, zikabanduliwa mojamoja, zikakatwa, zikakunjwa pembe tatu, zikatiwa nyama na kugandishwa kwa uji wa unga. Hapo ndipo hutiwa katika mafuta. Mlaji huimaliza kwa kuuma mara tatu.

Sasa na tutazame asili yake. Jina hili latokana na Kiajemi. Al-Masudi, mwanahistoria aliyesafiri hata pwani yetu ya Afrika Mashariki katika karne ya 10, ameandika kitabuni mwake shairi la kuisifu sambusa lililosomwa mbele ya Khalifa wa Baghdad. Naye Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikwenda baadaye India, akaiona katika karamu za Sultani wa Delhi: mkate mwembamba uliokunjwa, ndani yake nyama iliyopikwa kwa lozi, vitunguu na viungo. Viazi, ambavyo wengine huvitia leo, havikuwako huko wakati ule, kwani asili yake ni bara la Amerika.

Basi chakula kilichosifiwa mbele ya Makhalifa na kuliwa na Masultani, leo kimo katika sinia ya mama zetu, na mchimba dhahabu mwenye vumbi hukila kama alivyokila mfalme. Lakini wako vijana wanaoionea haya sinia hiyo. Katika chuo chetu yuko mwanafunzi ambaye mama yake, mjane, amemlea kwa sambusa. Wenzake walipomtania kwa jina la biashara hiyo, aliacha kusoma, akasema atakwenda machimboni kutafuta mali ya kiume. Tuliwakusanya wanafunzi wote, tukawasimulia habari hizi tulizozieleza hapa, tukawakumbusha kuwa Nabii Daudi, amani iwe juu yake, japo alikuwa mfalme, alikula kwa kazi ya mkono wake. Waliomtania walinyamaza. Yeye amerudi chuoni, ingawa shauri la machimbo bado hajaliacha, na mama yake hulala na hofu ya mashimo yale.

Enyi vijana, karo zenu, madaftari na kanzu za Idi vimetoka katika karai lile. Mpokeeni mama sinia, mchukulieni kuni, na mkiulizwa ni ya nani, jibuni kwa sauti. Nanyi wazazi, msiwaache watoto wenu waicheke riziki ya halali ya jirani. Mwenyezi Mungu aibariki mikono ifanyayo kazi. Amin.