Zipi, Bibie?

Mwaka 1996, nilipoanza kusomesha Kiswahili kwa wageni mjini Unguja, kitabu changu kilikuwa na muuza ndizi mmoja tu, mpole kama mkwe mpya. Mgeni akimuuliza, "Je, ndizi hizi ni bei gani?" yeye hutaja bei, hulipwa, hushukuru. Wanafunzi walikariri mazungumzo yale mpaka pale pa kuvuta pumzi.

Mmoja akashuka nayo sokoni Darajani. Akarudi mikono mitupu. Muuzaji alimjibu kwa suali: "Zipi, bibie? Kisukari, mzuzu, mkono wa tembo?" Kitabuni hayo hayakuwamo.

Basi nikatia redio kaseti kikapuni, nikamwendea muuzaji yule yule kumwomba ruhusa. Akakubali, akakohoa kidogo, kisha akaanza kama msoma taarifa ya habari: "Ndugu mteja, ndizi hizi zinapatikana kwa bei nafuu." Sijapata kumsikia akisema hivyo kabla wala baada ya siku ile. Ilinibidi nikae pale hadi karibu na adhuhuri, kaseti nimeshaigeuza upande wa pili, ndipo alipokisahau kile kidude na kuanza kubishana na mama mmoja juu ya chane iliyopondeka. Hayo ndiyo niliyorudi nayo darasani.

Nikakosea tena. Niliipiga kaseti, nikauliza maana ya kila neno, wakaandika msamiati, kimya. Magazeti niliyoleta baadaye yakawa vivyo hivyo: Kiswahili cha kweli kabisa, vinywa vimefungwa. Kilichovifungua ni jambo dogo. Siku moja niliisimamisha kaseti muuzaji alipofika kwenye "Chukua mbili nikupunguzie," nikawageukia: "Haya, mjibuni." Mmoja akaguna. Mwengine akasema, "Ghali." Wa tatu, ambaye siku zote hangefungua mdomo mpaka kila kiambishi kikae mahali pake, akapayuka: "Wee, ndizi mepondeka hizi!" Wakacheka, naye akacheka. Kiambishi nilikiacha mpaka biashara ikaisha.

Kaseti sasa zimekufa. Muuzaji mwenyewe hunitumia sauti kwa WhatsApp, bila kukohoa, na wanafunzi humjibu wenyewe. Ile ya wiki iliyopita ndiyo niliyosita kuwapigia:

"Asalamu alaykum, mwalimu. Wale vijana wako wamenikopa chane tatu. Wanalipa lini?"