Treni Ambazo Hazijafika

Mara ya kwanza Kuka kuniuliza kazi yangu ni gani hasa, tulikuwa tumekaa nje ya nyumba yake Malaba, yeye kwenye kiti chake cha mbao, mimi kwenye jerikeni iliyopinduliwa. Nilimwambia naandika kuhusu treni.

"Treni gani?"

"Ndogo, Kuka. Za kuchezea. Lakini wanaocheza nazo ni watu wazima."

Akanyamaza kidogo. "Na umeziona?"

"Bado. Hazijatengenezwa."

Alicheka mpaka akakohoa. "Kijana, hiyo si kazi ya kuandika. Hiyo ni kazi ya serikali."

Acha nieleze, kwa sababu hata baba yangu bado anadhani ninauza vitu mtandaoni. Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikwama, nikajaza fomu ya kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja, na huo mwaka mmoja ndio huu ambao haujaisha. Nikarudi Busia, nikakodi chumba, nikaanza kutafuta kazi za kuandika mtandaoni kama vijana wengi wa rika langu. Niliandika kuhusu magodoro, vitamini za mbwa, na bima za magari katika majimbo ya Marekani ambayo sitawahi kukanyaga. Halafu nikapata duka moja la Marekani linalouza treni ndogo. Walitaka mtu wa kuandika maelezo ya bidhaa, maneno mia na hamsini kwa kila moja. Malipo dola tatu. Dola moja na nusu ukiwasilisha, na nyingine moja na nusu "bidhaa ikifika dukani."

Nilikubali bila kuuliza maswali. Kwani bidhaa huchukua muda gani kufika dukani?

Sasa ninajua. Inaweza kuchukua mwaka. Inaweza kuchukua miwili. Inaweza isifike kabisa.

Biashara ya treni ndogo haiendi kama ya sukari, kwamba kwanza kitu kinatengenezwa, kisha kinauzwa. Huko kitu kinauzwa kwanza. Kampuni inatoa tangazo: tutatengeneza injini fulani, ya reli fulani, kwa rangi za miaka fulani. Kuna picha, lakini ukiitazama vizuri ni mchoro wa kompyuta. Maduka yanaambiwa, tuma oda zenu kabla ya tarehe fulani. Duka nalo linageukia wateja wake, linawaambia wekeni majina. Mteja anaweka jina. Duka linajumlisha, linapeleka hesabu kwa kampuni au kwa msambazaji aliye katikati, na kampuni ikishapata hesabu za maduka yote ndipo inaamua: tengeneza elfu moja, tengeneza mia tano, au achana nayo kabisa.

Ukiangalia gharama unaelewa. Kitu kinachokula pesa ni kalibu, ile moldi ya chuma inayomwagiwa plastiki. Ikishachongwa, ni lazima ilipe. Ndiyo maana injini ileile inarudi mwaka huu ikiwa ya bluu, mwaka kesho nyekundu, baada ya hapo nyeusi yenye mstari wa njano. Na kila rangi inatoka ikiwa na namba tatu au nne tofauti zilizochorwa ubavuni, kwa sababu mkusanyaji wa kweli hataki kuwa na injini mbili zenye namba moja. Kwangu mimi hiyo ilikuwa baraka. Injini moja, maelezo manne, dola kumi na mbili. Ama sita, ukihesabu zilizokuwa mkononi.

Baada ya oda inakuja sampuli ya kwanza, haina rangi, na mashabiki wanaikagua kwenye picha na kulalamika kwamba ngazi ya dereva imekaa vibaya. Inarekebishwa. Inakuja sampuli yenye rangi. Wanalalamika tena. Kisha inasubiri zamu kiwandani, na viwanda vingi viko China, na kiwanda kimoja kinaweza kuwa kinatengenezea kampuni kadhaa zinazoshindana. Ukikosa zamu yako unarudi nyuma ya foleni. Mwaka Mpya wa Kichina ukifika wafanyakazi wanaenda kwao na kila kitu kinasimama. Halafu kontena. Halafu bahari. Halafu bandari, lori, ghala la msambazaji, na mwishowe duka, ambalo linaweza kupokea kumi ilhali liliagiza ishirini.

Si wote wanafanya hivyo kwa namna moja. Märklin ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1859, hutoa orodha yake kubwa ya mambo mapya mwanzoni mwa mwaka, karibu na maonyesho ya vichezeo ya Nuremberg. Hornby ya Uingereza nayo kwa miaka mingi ilitangaza ya mwaka mzima kila Januari. Bachmann ya Uingereza ilichoka na aibu ya kutangaza kitu na kukileta baada ya miaka, ikabadilisha mtindo mwaka 2021: sasa inatangaza kila robo ya mwaka, na inataja vile tu inavyotarajia vifike ndani ya robo hiyo. Nilipoisoma hiyo nilitamani kampuni zote zifanye vivyo hivyo. Si kwa ajili ya wateja. Kwa ajili yangu.

Nilikuwa na Excel. Safu ya kwanza jina la injini, ya pili tarehe niliyowasilisha, ya tatu tarehe ya kufika. Hii ya tatu ndiyo ilikuwa inanitesa, maana haikuwa na tarehe bali robo. Robo ya pili. Kisha duka linatuma ujumbe, inakuwa robo ya tatu. Kisha ya nne. Robo ya nne ikiisha haiwi ya tano, inakuwa ya kwanza ya mwaka mwingine, na unajiona kama umeanza upya. Kuna wakati nilikuwa na maelezo sitini na manne yanayosubiri. Dola tisini na sita. Hiyo ni zaidi ya shilingi elfu kumi na mbili, ambayo hapa Busia ni karibu kodi ya miezi mitatu ya chumba changu.

Hii hadithi ya kusubiri treni iliyotangazwa, Malaba hatukuisoma mtandaoni. SGR ilianza kubeba abiria kutoka Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017. Mwaka 2019 ikafika Naivasha, ikaishia hapo. Mchoro ulikuwa unaonyesha ikija mpaka kwetu. Khocha wangu, kaka yake mama, aliuamini ule mchoro. Alijenga vyumba vinane vya kukodisha, mabati mapya, choo cha vigae, akingojea mainjinia na mafundi. Leo wapangaji wake ni maturnboy wa malori na dada mmoja anayeuza samaki. Wanalipa, sisemi hawalipi. Lakini alivipigia hesabu ya bei nyingine.

Mpaka leo mzigo unaokuja huku kwa reli unahamishwa kule Naivasha kwenda kwenye reli ya zamani, ile ya mita moja, ndiyo unafika mpakani. Wenzetu wa ng'ambo, Oktoba 2024, walitia saini na kampuni ya Uturuki, Yapi Merkezi, kujenga SGR yao kutoka Malaba mpaka Kampala, kilomita 272. Khocha aliposikia alipaka vyumba rangi upya.

Kuka hakupaka kitu. Yeye aliajiriwa reli ilipokuwa bado ya Afrika Mashariki nzima, kijana kutoka Khunyangu ambaye hakuwa amewahi kupanda treni. Alikuwa kwenye gengi: kukaza skurubu, kubadilisha mataruma, kutembea juu ya reli na nyundo begani kutoka asubuhi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na Kenya ikaunda shirika lake la reli, yeye alibaki kwenye njia ileile, akikaza skurubu zilezile. Alipostaafu hakurudi Khunyangu. Alinunua kiploti hapa, anasema ni kwa sababu ya biashara, lakini Kukhu kabla hajafa aliniambia ni kwa sababu ya mlio.

Siku moja nilimwonyesha kwenye simu. Nilimweleza kwamba kwenye kipimo kinachopendwa zaidi duniani kila kitu kimepunguzwa mara 87. Kwa hivyo reli pana kama SGR inakuwa milimita 16.5, na reli yetu ya mita moja wanaitengeneza kwa milimita 12. Akaweka vidole viwili hewani, akavipanua kidogo, akavirudisha.

"Kwa hivyo hii yetu na ile ya Wachina, tofauti ni hii?"

"Milimita nne na nusu."

"Kelele yote ile." Akatikisa kichwa. "Na yetu ipo? Kati ya hizo zako?"

Hapo ndipo nilipopata kazi ya ziada isiyolipwa. Kuka alitaka Garratt. Kama huijui: ni injini ya mvuke ndefu ajabu, inayopindika, yenye magurudumu mbele na nyuma na boila katikati. Kubwa kuliko zote kwetu zilikuwa za daraja la 59, 34 kwa jumla, zilizojengwa Manchester na Beyer Peacock katikati ya miaka ya 1950, kila moja zaidi ya tani 250, na zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Moja iliitwa Mount Elgon, mlima ambao siku hewa ikiwa safi tunauona kutoka hapa. Moja yao bado iko kwenye jumba la makumbusho la reli Nairobi, inaitwa Mount Gelai.

Nilipekua orodha zote nilizowahi kuandikia. Nilikuta injini za kampuni za reli za Marekani zilizokufa kabla baba hajazaliwa. Nilikuta behewa la kubeba kachumbari za siki, naapa, la mapipa, katika rangi sita. Ya kwetu sikukutana nayo. Na sasa nilijua sababu: ili kalibu ichongwe, lazima kuwe na watu mamia kadhaa, kila mmoja na dola mia tatu au zaidi, walio tayari kuweka jina na kungoja. Wazee waliokaza skurubu za reli ya Malaba hawako kwenye hesabu ya duka lolote.

Kwa hivyo nilimnunulia ya Busia. Kuna mama anauza vitu vya plastiki karibu na soko, ndoo, maua, vichezeo, mzigo unaotoka China kupitia Kamukunji. Treni ya betri, reli ya duara, shilingi mia nne na hamsini baada ya kubishana. Nilimuuliza kama huwa anachukua oda za mapema. Alinitazama kama mtu anayetaka kumkopa. "Sichukui pesa ya mtu kwa kitu sijashika," akasema. "Mzigo ukiingia, naweka picha status. Ukiisha, umeisha." Sijawahi kusikia mfumo wa usambazaji ulioelezwa vizuri hivyo, na nimesoma mingi.

Kuka aliipanga ile reli mezani, akawasha, akaitazama ikizunguka mara tatu. Kisha akaizima na kuinamia reli yenyewe, na vidole vyake vikubwa. "Mataruma ni machache," akasema. "Hii Timboroa ingeanguka." Lakini hakuirudisha kwenye boksi.

Aprili 2025 ushuru wa Marekani kwa bidhaa za China ulipanda mpaka asilimia 145. Huku kwetu ilikuwa habari ya televisheni, watu wanabadilisha chaneli. Kwangu ilikuwa barua pepe ya mistari minne. Duka lilisema baadhi ya oda zimesimamishwa, bei za nyingine zitatangazwa baadaye, na kazi mpya hazitakuwepo kwa sasa. Ushuru ulishushwa mwezi uliofuata. Kazi hazikurudi. Katika zile sitini na nne, kumi na tisa zilifutwa moja kwa moja, na mkataba ulikuwa wazi: kisichofika hakilipwi. Niliandika kuulizia. Wakanijibu kwa upole sana, na upole ule ndio uliniudhi, kwamba na wao hawajalipwa na wateja wao mpaka bidhaa ifike. Nadhani ni kweli. Kila mtu kwenye ule mnyororo anamngoja aliye mbele yake, na wa mwisho nilikuwa mimi, Busia, na kodi ya tarehe tano.

Nilirudi kwenye magodoro. Magodoro yako tayari, yanalipwa Ijumaa.

Arubaini na tano zilizobaki bado zinaingia mojamoja, bila utaratibu. Juzi dola moja na nusu ilinidondokea kwa injini niliyoiandikia miaka miwili iliyopita. Nilienda kuisoma. Mteja wa kwanza alikuwa tayari amelalamika kwamba ile kijani si kijani yenyewe.

Jumapili nilikuwa Malaba. Treni ya mizigo ilipita jioni, taratibu, makontena matupu na mengine yamejaa, na Kuka akahesabu mabehewa kwa sauti ya chini kama anavyofanya siku zote. Alipomaliza alinigeukia.

"Na zile zako? Zimefika?"

"Wamesema robo ya nne."

"Ya mwaka gani?"